Mbeleko, kigari au kiti cha gari: vifaa vya mtoto vinavyohimili Nyanda za Juu Kusini

Ukiingia duka la vitu vya watoto Mwanjelwa jijini Mbeya, au ukipekua mitumba pale Sido, kuna maswali mawili yatakayokuokolea fedha. Hiki kitakaushwa wapi mvua ikishika wiki nzima? Na kikikatika, fundi gani wa hapa atakirudisha kazini? Picha ya kwenye boksi inaonyesha mama akisukuma kigari juu ya vigae. Wewe unashuka daladala na begi moja na mtoto mmoja, manyunyu yameanza, na njia ya kwenda nyumbani ni kifusi. Tumelinganisha vifaa kwa kuangalia njia hiyo.

Kumbeba: mbeleko, begi la kubebea, kigari

Mbeleko ni rahisi kuliko vyote na kwa shughuli nyingi za huku haijapata mpinzani. Kanga ya pamba au kitenge cha yadi mbili kinambeba mtoto tangu shingo inapokaza, yaani miezi minne hivi, mpaka siku atakayokataa mwenyewe. Kinafuliwa, kinatandikwa, kinafunika, na saa nne tu za jua la Iringa zinatosha kukikausha. Kasoro inaanzia kwenye kitambaa. Vitenge vingi vya bei ya chini ni nyuzi za plastiki, vinateleza, na fundo linalegea huku unatembea. Chomoa nyuzi chache pembeni uziwashe kiberiti: zikiacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, ni pamba, zikijikunja na kuacha punje ngumu nyeusi, kitambaa hicho kitafaa kushonea gauni, si kubebea mtoto. Hata cha pamba kikiwa kipya kina wanga unaokifanya kiteleze, kwa hiyo kifue mara mbili tatu kabla ya kukiamini.

Namna ya kufunga mabibi wanaijua, ila vipo vitu viwili vinavyosahaulika. Kwanza, ukingo wa chini upite chini ya makalio kutoka goti hadi goti, ili mtoto akae kama chura aliyekumbatia kiuno chako, magoti yakiwa juu kidogo ya makalio. Mkao huo unalinda nyonga zake. Pili, kabla hujakaza ukingo wa juu, vuta wa chini mpaka uhisi uzito wake umeegemea kitambaa. Mbeleko inayoteremka baada ya nusu saa karibu kila mara ilikazwa juu, chini ikaachwa.

Kuhusu baridi: mtoto aliye mgongoni anapata joto lako, kwa hiyo punguza nguo moja kuliko ungemvalisha akiwa amelala. Blanketi la juu lifunike mgongo wake, uso ubaki nje. Ukipanda Hiace mhamishie mbele kabla ya kuketi, maana konda akisema "sogea ndani" na dereva akaondoa gari, utaegemea kiti mtoto akiwa katikati.

Begi la kubebea, lile lenye mikanda ya mabega na mkanda mpana wa kiunoni, linashinda mbeleko kwenye jambo moja: mwendo mrefu wenye mtoto mzito. Mkanda wa kiunoni unahamishia uzito kwenye nyonga zako, na mikono inabaki huru kwa ndoo au begi lingine. Baba wengi wanaoona haya kujifunga kanga hulivaa bila maneno, nayo ni sababu tosha ya kulinunua. Lebo itakuambia kilo. Mengi ni kuanzia 3.5 hadi 15 au 20. Dukani pima vitu vitatu. Upana wa kikalio: kifike goti hadi goti, yale yenye kipande chembamba katikati ya mapaja huacha miguu ining'inie, achana nayo. Mishono: mkanda wa bega unapoingia kwenye mwili wa begi uone mshono wa mraba wenye alama ya X ndani, si mstari mmoja. Klipu: ukizifunga zilie "ta", kisha zivute kwa nguvu zote ukiwa umefungua na kufunga mara kumi.

Klipu ndizo zinazokufa kwanza. Plastiki inayoachwa juani kwenye kamba ya nguo hugeuka nyeupe kwenye kona, halafu hupasuka. Fundi mabegi anaweza kuibadilisha ukijua upana wa mkanda wako, mara nyingi milimita 25 kifuani na 38 hadi 50 kiunoni. Ya kifuani mwachie. Ya kiunoni, kama hana iliyo nene sawa na ya mwanzo, usimruhusu aweke ya begi la shule.

Kigari nacho kinahitaji uaminifu. Kama unaishi mtaa kama Gangilonga wa Iringa, au ndani ya eneo la chuo lenye lami na njia za miguu, kitakusaidia kila siku. Kama unaishi kwenye miteremko ya Iringa mjini au vilima vya Mbeya vyenye ngazi za udongo, kitageuka kabati la nguo chafu ndani ya mwezi. Wanaokihitaji kweli wachague kwa magurudumu. Kile kidogo chenye mikono kama ya mwamvuli kina kilo 5 hadi 7, kinaingia kwenye bajaji bila ugomvi, lakini magurudumu yake mawili mawili ya plastiki hunasa kwenye changarawe na matope hukaza kati yake. Kile cha magurudumu matatu ya upepo kina kilo 10 hadi 13, kinapita kwenye murram na majani, ila kwenye bajaji kitadai nauli ya abiria.

Hapa kuna siri ndogo ya kudumu. Soma ubavuni mwa tairi. Ukikuta 12½ × 2¼, hiyo ndiyo saizi ya baiskeli nyingi ndogo za watoto, na fundi baiskeli yeyote wa mtaani ana tyubu yake au atakutilia kiraka. Ukikuta saizi ya ajabu au gurudumu la sponji lililobandikwa, siku likiisha ndiyo kwaheri. Tazama pia vali: ile nene kama ya gari inajazwa upepo hata kwenye kituo cha mafuta. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji kigari kinacholala bapa, na mikanda iwe ya pointi tano: mabega, kiuno, katikati ya miguu. Breki ijaribu kwenye mteremko, kigari kikiwa na kiroba cha unga cha kilo 10 ndani, kabla mtoto hajaingia.

Kifaa kimoja hakistahili ulinganisho: kile kiti cha magurudumu cha kujifunzia kutembea. Hakiharakishi kutembea, na kinampa mtoto mwendo wa kufika kwenye jiko la mkaa au ngazi kabla hujainuka. Kanada ilipiga marufuku kukiuza mwaka 2004. Mkeka unatosha.

Kiti cha kwenye gari

Mbeleko wala mikono ya mama haimshiki mtoto kwenye ajali. Hesabu yake ni hii: gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavuta mbele kwa nguvu inayolingana na kushika takriban kilo 200. Hakuna mikono ya hivyo. Na barabara kuu ya kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 za kufuatana na malori, inapita mteremko mkali wa Kitonga.

Aina mbili ndizo za kulinganisha. Kiti-kapu, chenye mkono wa kubebea, kinatazama nyuma tu na kinachukua mtoto hadi kilo 13, ambazo wengi huzifikia baada ya miaka miwili. Kina kilo 3 hadi 4 na kitu. Kiti cha kugeuzwa kinaanza kikitazama nyuma, baadaye kinageuka mbele, na kinahudumia hadi kilo 18 au 25, yaani miaka minne hivi au zaidi. Chenyewe kina kilo 8 hadi 12.

Mwenye gari lake na bajeti ya kiti kimoja anunue cha kugeuzwa. Tatizo lake ni nafasi: ndani ya Vitz au IST, kikitazama nyuma kinasukuma kiti cha abiria wa mbele mpaka magoti yaguse dashibodi. Kipime kwenye gari lenyewe kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali ukijaribu si wa kununua kwake. Asiye na gari, anayekodi Noah mara mbili kwa mwaka kwenda kwao, atafaidi zaidi kiti-kapu kinachofungwa kwa mkanda wa gari bila kitako cha chini, kwa sababu anaweza kukibeba na kukihamisha. Chochote utakachochukua, mtoto abaki akitazama nyuma angalau hadi miezi 15, na zaidi kama kiti kinaruhusu. Kichwa chake ni kizito kuliko shingo inavyoweza kuhimili.

Kasoro tunayoiona ikipuuzwa kuliko zote ni mkanda wa gari. Viti vingi vya Ulaya vinadai mkanda wa pointi tatu, unaopita kiunoni na begani. Kiti cha katikati kwenye Noah na Hiace za zamani, na viti vya mabasi mengi, vina mkanda wa kiunoni tu au havina kabisa. Kama lebo haisemi kiti kinakubali mkanda wa kiunoni peke yake, hakitafungika vizuri hata ukikikaza vipi. Magari mengine ya Kijapani yana pete mbili za chuma zilizojificha kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha nyuma, zimeachana sentimita 28. Ingiza vidole upapase. Zikiwepo, kiti chenye miguu ya kujibana kwenye pete kinawekwa kwa sekunde na makosa hupungua.

Kwa kiti cha mkanda, fuata rangi: kwenye viti vya Ulaya njia ya buluu ni ya kutazama nyuma, nyekundu ni ya kutazama mbele. Pitisha, weka goti lako ndani ya kiti ukikandamize, vuta mkanda. Kisha shika pale mkanda unapopita utikise: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda ya mtoto itoke usawa wa mabega au chini yake akitazama nyuma, usawa wa mabega au juu akitazama mbele, na ikaze kiasi kwamba huwezi kubana kipande chake katikati ya vidole viwili pale begani. Usiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Halafu sweta. Asubuhi ya Juni Mbeya mtoto anavalishwa mpaka anafanana na kabichi, anafungwa, na mikanda inaonekana imekaza. Kwenye kishindo lile sweta nene linabonyea, na mkanda unabaki na nafasi ya ngumi. Mvalishe nguo nyembamba mbilimbili, mfunge, ndipo umfunike blanketi juu ya mikanda. Utafaidi pia mkifika Mikumi kwenye joto: unatoa blanketi bila kumfungua. Mkiteremka Kitonga mnyonyeshe au mpe maji kama amefikisha miezi sita, kumeza kunafungua masikio. Ila kama ni lazima umtoe kwenye kiti, gari lisimame kwanza. Kila saa mbili mpumzisheni, akae nje ya kiti, maana kichwa cha mchanga kikiinama muda mrefu hewa hupita kwa shida.

Cha mtumba? Kinaweza kuwa bora kuliko kipya kisicho na lebo, ukikikagua hivi. Geuza chini utafute duara dogo lililochongwa kwenye plastiki, lina mshale katikati, tarakimu mbili za mwaka, na namba 1 hadi 12 kuzunguka. Mshale unaonyesha mwezi wa kutengenezwa. Vingine vimeandikwa tarehe ya mwisho kabisa. Kwa vingi ni miaka 6 hadi 10. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye R44/04 au R129, namba za viwango vya usalama vya viti vya watoto. Vua kitambaa utazame sponji ngumu nyeupe: ikiwa na ufa, kiti kimekwisha pata ajali au kimeangushwa. Mikanda iliyofuliwa kwa jiki imedhoofika hata kama inang'aa. Na kama kiti kilikuja ndani ya gari la mtumba na huwezi kusoma chochote juu yake, kiwekee wanasesere.

Nepi: pampasi, za vifungo, za kitambaa cha mraba

Anza na hesabu. Pampasi 6 kwa siku ni 180 kwa mwezi, ni 4,320 kwa miaka miwili. Zidisha kwa bei ya moja unayolipa wewe, kisha urudi kusoma.

Nepi za vifungo, zenye ganda lisilopitisha maji na pedi ya ndani, zinapendeza na baba hajiulizi zinafungwaje. Katika kiangazi cha Iringa hazina shida. Tukuyu, inakopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, pedi nene ya tabaka tatu nne inaweza kukaa siku mbili kwenye kamba ya barazani na bado ikatoa harufu ya unyevu katikati. Hapo ndipo kitambaa cha mraba cha mtindo wa zamani kinaposhinda. Kikifunguliwa ni tabaka moja, kinakauka haraka. Kikikunjwa ni tabaka nane, kinanyonya. Mraba huo huo unamtosha mchanga na mtoto wa miaka miwili, ni mkunjo tu unaobadilika.

Unaweza kuzishonesha. Nepi 24 za sentimita 70 kwa 70 kutoka flana ya pamba yenye upana wa mita 1.5 zinahitaji mita 8.4, nunua 9, ukaifue na kuikausha kabla ya kumpelekea fundi cherehani, kwa sababu pamba hurudi. Mwambie apige zigizaga pembeni tu, asikunje pindo. Pindo nene ndilo linalobaki bichi. Ongeza maganda manne au matano ya kufunika juu.

Maganda hayo yana ugonjwa wake. Upande wa ndani una tabaka jembamba la plastiki lililoshikana na kitambaa. Ukiyachemsha au kuyaanika kwenye jua kali kila siku, linaachana. Yainue kwenye mwanga wa dirisha: ukiona malengelenge meupe, kama ngozi iliyoungua maji moto, maji yatapita hapo usiku wa leo. Maganda yafuliwe kwa maji vuguvugu na kuanikwa kivulini. Miraba ndiyo ya kuchemsha.

Kufua: kwangua choo chooni, suuza kwa maji baridi kwanza (ya moto hugandisha doa), loweka kwenye ndoo yenye mfuniko unaofunga kweli, kwa sababu ndoo wazi ni hatari kwa mtoto anayetambaa, fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yaache povu. Nepi inapoanza kuwa ngumu na mkojo kuteleza juu yake badala ya kuzama, si kwamba imechakaa. Ina mabaki ya sabuni. Ichemshe dakika 10 kwa maji matupu. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kamwe, inaziba nyuzi.

Na kukausha. Usiku wa baridi Njombe au Makete mtu anashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani, nepi zikazungushwa juu ya kiti na mtoto akalala pembeni. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa kinaua wote waliomo. Anika jikoni kwenye kamba ya juu, au piga pasi. Pasi inafaa pia mkiwa Kyela na sehemu nyingine za joto, kwa kuwa kuna inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kwenye majani, na funza wake huingia kwenye ngozi. Pasi ya moto, hasa kwenye mishono, inayamaliza.

Uamuzi wetu: miraba nyumbani, pampasi safarini. Kwa safari ya kutwa bebeni 8, mbili zikiwa za akiba ya lori litakalokwama mbele yenu mlimani.

Kulala: kitanda cha fundi na kitanda cha kukunja

Huku kuna bahati ambayo miji mingine haina: mbao za paini kutoka Mafinga na shamba la Sao Hill, na maseremala wa kutosha. Kitanda cha fundi kinaweza kulaza watoto watatu kwa zamu, kisha kikawa benchi. Ila fundi anahitaji vipimo, asiachiwe kukisia. Ndani kiwe sentimita 60 kwa 120. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, ili mwili usipite kichwa kikabaki. Kutoka juu ya godoro hadi ukingo wa juu kuwe na angalau sentimita 50. Godoro likatwe likaze: ukiingiza vidole viwili pembeni na cha tatu kikaingia, ni dogo. Liwe gumu. Kusiwe na mto wala wanasesere, na mtoto alazwe chali.

Mambo mawili ya mbao. Ile yenye rangi ya kijani imetiwa dawa ya wadudu kwa ajili ya kenchi. Mtoto anayeota meno atautafuna ukingo wote, kwa hiyo mwambie fundi wazi kwamba hutaki hata kipande kimoja cha hiyo. Na paini mbichi ikikauka husinyaa. Baada ya miezi miwili fito zinazunguka kwenye matundu yake, na misumari inachungulia. Dai mbao iliyokauka, skrubu na gundi. Vanishi ikauke nje wiki mbili kabla ya kuingia chumbani.

Kitanda cha kukunja, chenye kuta za wavu, kina kilo 8 hadi 12 na kinafaa kwa familia inayokwenda na kurudi kwa gari lake. Kwa basi ni mzigo wa buti. Wengi wanakivunja siku ya kwanza kwa kukosea mpangilio: wanasukuma sakafu chini kwanza, kisha wanapigana na kuta zisizokaza. Fanya kinyume. Kitovu cha sakafu kikiwa kimeinuka, vuta kuta nne juu moja baada ya nyingine mpaka kila moja ilie "ta", ndipo ukandamize kitovu. Usiongeze godoro nene. Linaacha mwanya kwenye wavu unaovutika, na uso wa mtoto unaweza kunasa humo. Ubao wa chini ukivimba kwa mkojo, fundi akate plaiwudi kwa umbo lile lile.

Kwa baridi, mfuko wa kulalia ni bora kuliko rundo la mablanketi. Shona kama gauni lisilo na mikono lililofungwa chini: urefu wa mtoto, toa kichwa, ongeza sentimita 10. Shingo iwe ndogo kiasi kwamba kichwa hakiwezi kutumbukia ndani. Mkishuka Kyela, Mbarali au pwani, neti iliyotiwa dawa ya kufunika kitanda kizima inashinda kile kijineti cha kukunjua kama mwavuli, ambacho mtoto hukiegemea mkono na mbu wakamng'ata kupitia matundu.

Kula njiani

Anayenyonya hana mzigo. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 pasipozidi nyuzi 25, hivyo yaliyokamuliwa alfajiri Uyole yanywewe kabla ya kufika bondeni. Kikombe cha stili kinashinda chupa: hakina kona, kinaoshwa kwa maji na sabuni, na hata mchanga anaweza kukinywea kidogo kidogo akiwa ameketishwa wima. Chupa ina chuchu, ringi na mfuniko, na maziwa hugandia chini ya ringi ambako brashi haifiki. Ukilazimika kuitumia, vuta chuchu pande zote kabla ya kila safari. Inayonata vidoleni au yenye ufa mdogo kwenye tundu itupwe.

Kwa maziwa ya kopo maji yawe na nyuzi 70 au zaidi wakati wa kuchanganya unga, kisha yapozwe, na yakishachanganywa yanywewe ndani ya saa 2. Kwa hiyo bebeni chupa ya chai iliyojaa maji yaliyochemka muda huo huo, na unga uliopimwa pembeni, si maziwa yaliyokorogwa nyumbani. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Yakitokota sana dakika 1 yanatosha. Makete, juu ya mita 2,000, yaache dakika 3.

Uji kwenye chupa ya chai ni mtego, maana ukishuka kuwa vuguvugu ndipo vijidudu vinapozaliana. Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, bebeni parachichi la Rungwe au Njombe likiwa na ganda lake. Osheni, likateni kwa kisu safi basi likisimama Makambako, lipondeni kwa kijiko ndani ya ganda hilo hilo. Nusu inatosha; nyingine aimalize mama.